Saa ya Maji

Mama hakuwa amepanda feri tangu mwaka 1994. Akialikwa harusi Likoni, hutuma zawadi. Akifiwa na mtu Mtongwe au Timbwani, humsomea Yasini nyumbani kwake Changamwe, kisha huwapigia wafiwa simu. "Mimi feri sipandi," husema, na hapo maneno yamekwisha. Hata wajukuu walijifunza kutouliza.

Sisi wanawe tulijua sababu, au tulidhani twaijua. Tarehe 29 Aprili mwaka ule feri ya Mtongwe ilipinduka karibu kabisa na nchi kavu, wakafa watu 272. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Namkumbuka baba akirudi kutoka kazini na kuketi sebuleni bila ya kuvua viatu, jambo ambalo mama hakumruhusu mtu yeyote kulifanya, na siku ile mama akamwacha. Nakumbuka redio ikisema polepole, na majirani wakiingia bila hodi. Kwa hiyo mama aliposema feri hapandi tena, hakuna aliyeona ajabu. Wengi mtaani walisema vivyo hivyo. Wao walirudi kupanda baada ya wiki mbili tatu, kwa kuwa kazi iko kisiwani, nyumba iko ng'ambo, na tumbo halingoji. Mama hakuwa na kazi ng'ambo. Aliweza kulishika neno lake, akalishika miaka thelathini.

Lakini kabla ya Aprili ile palikuwa na Machi, na safari ninayotaka kuisimulia ni ya Machi.

Mtu asiyeijua Mombasa hudhani kila mkaazi wake akiamka huiona bahari na mchanga wake. Sisi wa Changamwe maji yalituzunguka kweli, Port Reitz upande mmoja na mkono wa Tudor upande mwingine, lakini yalikuwa maji ya matope na mikoko, maji ya meli za mafuta na magati. Kiwanda cha kusafisha mafuta, kilichoanza kazi mwaka 1963, kilikuwa na mnara wenye mwali wa moto juu yake, na mwali ule ndio uliokuwa taa yangu ya kulalia. Baba alifanya kazi humo kwa zamu. Mwaka 1988 mafuta yalimwagika katika kijito cha Makupa, na kwa muda mrefu baadaye tukipita pale kwa matatu tuliiona mikoko iliyokufa imesimama kama njiti za kiberiti zilizokwisha kuwashwa. Tukiteleza kwenda kucheza majini tulirudi na miguu myeusi, na mama alitusugua kwa tambara lililochovywa mafuta ya taa hadi ngozi ikawasha. Mchanga mweupe tuliujua kwa kalenda. Palikuwa na moja ukutani kwetu, zawadi ya duka fulani la kisiwani, na mwezi wa Agosti ulikuwa na picha ya pwani ya kusini: mnazi mmoja umeinama, hapana mtu. Baba aliiacha Agosti ile ukutani mwaka mzima.

Bahari ya kuogelea ilikuwa Kisauni, kwa shangazi. Yeye alikaa Mlaleo, na kila Idi alituchukua sote, watoto kumi na kitu, kwa miguu na kwa matatu hadi pwani ya umma ya Jomo Kenyatta kule Bamburi, ambayo watu huiita Pirates. Niliipenda, na naipenda mpaka leo. Ngamia, matairi ya kukodi ya kuelea, viazi karai, vijana wakipiga mbizi mbele ya wasichana. Ila baba alikaa pale kama mtu aliyelazimishwa. Masikio yake yalikuwa na mashine za wiki nzima, na pale aliongezewa spika nne. Akitazama kaskazini kuelekea Shanzu aliona ukuta wa hoteli, kisha lango, kisha askari, kisha ukuta mwingine. Siku moja nilimsikia akimwambia mama, "Nataka mahali nisikie wimbi tu. Nusu saa. Basi."

Idi ya mfungo mwaka 1994 iliangukia katikati ya Machi. Idi kwetu ni siku tatu, kwa hiyo shule hatukwenda. Siku ya pili baba aliazima Pijo 504 ya ami, rangi ya maziwa, yenye kiti cha nyuma kilichopasuka na kutoa sponji. Tulipanda: baba, mama na mdogo wetu wa mwaka mmoja mapajani, kaka yangu wa miaka kumi na mitatu, mimi, na mtoto wa ami wa miaka tisa aliyekuja pamoja na gari kama sehemu ya makubaliano. Buti ilijaa mahamri, sufuria ya mbaazi iliyofungwa kwa kanga, kuku wa kupaka aliyesalia jana, muhogo, na mkeka. Tulikuwa tunakwenda Agosti.

Napenda watu wajue jinsi mama alivyokuwa kwenye feri siku ile. Tulingoja foleni saa nzima, jua likichoma, boneti ya Pijo ikiwa moto mtu hawezi kuiegemea. Gari lilipokwisha kuingia, mama alimpa baba mtoto, akashuka, akanishika mkono, akanipeleka ukingoni penye chuma. Feri ikang'oa. Upepo wa kaskazi ulikuwa umelegea, bahari imetulia kama mafuta, meli moja kubwa inaingia Kilindini polepole mbele yetu na sisi tunaingoja ipite. Mama alivua kilemba kidogo nyuma ya shingo ili apate upepo, akafunga macho. "Hapa," akasema, "ndipo ninapojua nimetoka nyumbani." Mama wa siku ile aliipenda feri kuliko sote.

Likoni tulipita kwa haraka. Baba alijaribu pwani ya Shelly kwanza, kwa kuwa iko karibu, lakini Likoni nzima ilikuwa imekwisha kufika, na hapakuwa na pa kugeuzia gari sembuse kuliegesha. Tukashika barabara ya kusini: Ng'ombeni, Waa, Tiwi, minazi na mikorosho, akina mama wa Kidigo wamejipanga kando ya njia na vikapu vya maembe. Mara kwa mara upande wa kushoto palikuwa na kibao cha hoteli na njia ya vumbi. Baba aliingia mbili. Zote zilikwisha penye lango, na zote mlinzi alisema maneno yale yale kwa adabu ile ile: bahari ni ya wageni wa ndani. Baba hakubishana. Alirudi kinyumenyume polepole, akitazama kioo, na sisi nyuma tukatazama vidole vyetu. Mtoto hujua mzazi wake anapoaibishwa hata kama hakuna aliyepandisha sauti.

Kilichotuokoa ni adhuhuri. Tulikuwa tumefika Ukunda, saa sita u nusu, mama akasema tutafute msikiti kabla ya kutafuta kitu kingine chochote. Baba akamwuliza kijana aliyekuwa akiuza madafu juu ya baiskeli. Akasema msikiti uko mwingi, lakini kama twataka na upepo, tushuke hadi barabara ya hoteli, tusifuate watu wote kulia, tuchukue kushoto mpaka barabara itakapochoka. Ndivyo alivyosema: mpaka barabara itakapochoka. "Mwaulize Kongo," akasema. Mtoto wa ami akauliza kama tuna mafuta ya kutosha kufika Kongo.

Kongo ile ni mahali mto Mwachema unapoingia baharini, mpaka wa Diani na Tiwi. Barabara ilichoka kweli, ikawa mchanga na mizizi, kisha mibuyu ikaanza: minene, ya kijivu, imejitanua kama watu wazima waliokaa barazani. Katikati yake palikuwa na msikiti wa kale wa mawe ya matumbawe, mfupi, kuta nene, umejengwa karne nyingi kabla ya hoteli yoyote kuwazwa. Ndani mlikuwa na ubaridi wa mtungi. Mzee mmoja mwenye kikoi alikuwa akichota maji ya udhu. Baba akamsalimu, naye akajibu salamu nzima bila kukatiza, akauliza tumetoka wapi, habari za huko, habari za mfungo, habari za njia. Hakuuliza tumefuata nini. Mama alitandika mkeka chini ya mbuyu, akaswali huko, nami pembeni yake, na katika kila sijda nilisikia kitu nyuma ya msikiti kikivuta pumzi.

Baba alitoka akiwa wa mwisho. Alizunguka nyuma ya msikiti na kusimama. Tulipomfikia hakusema neno. Agosti yote ilikuwa pale, isipokuwa walioipiga ile picha waliacha nusu ya mambo nje.

Waliacha watu. Maji yalikuwa yamekupwa, mwamba umejitokeza mbali, na juu yake wanawake sita saba wameinama na vyuma vyembamba, wakichokoa mashimo wakitafuta pweza. Wavu umeanikwa juu ya miti. Mitumbwi miwili imelala ubavu. Watoto wawili wenye ndoana walikaa kwenye mlango wa mto, ambao wakati ule ulikuwa kijito cha kufika kifundo cha mguu. Na palikuwa na kimya, kimya kile kile baba alichokitaka, ila kimejaa kazi. Nimefika pwani nyingi tangu hapo zinazosifiwa kwa utulivu wake, na nimejifunza kuuliza utulivu umetoka wapi. Mahali pengine pametulia kwa sababu watu wamefukuzwa. Kongo palitulia kwa sababu kila aliyekuwepo alikuwa na shughuli yake na hakuhitaji kupiga kelele.

Mzee wa kikoi alikuja nyuma yetu. Alitutazama sisi watoto tukivua viatu, akamwuliza baba, "Hawa wayajua maji?"

"Tutawaita saa kumi," baba akasema.

"Saa kumi ni yako, bwana. Maji yana saa yao."

Baba akamshukuru, nadhani kwa jinsi mtu anavyomshukuru mzee kwa nasaha ya jumla. Yeye alikuwa mtu wa king'ora cha zamu. Alilala juu ya mkeka, akafunika uso kwa kofia, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwona baba amelala mchana mahali ambapo si nyumbani.

Tulivuka kijito. Ng'ambo ya pili ilikuwa pwani ya Tiwi, na hapakuwa na sababu ya kuvuka ila kwamba ilikuwa ng'ambo. Tulitembea mbali. Palikuwa na visima vidogo katika mwamba, kila kimoja na ulimwengu wake: viti vya pweza vyekundu, samaki wa milia wakubwa kama kucha, kaa mmoja aliyejifunika mwani kichwani na kudhani hatumwoni. Kaka yangu aliokota kombe akazijaza ndani ya fulana yake. Jua liligeuka. Sikuona maji yakija, kwa sababu bahari ikirudi pwani ile haiji kwa wimbi. Huja kwa kujaza. Unatazama kisima, unatazama tena, na kimeungana na jirani yake.

Tuliporudi kijito hakikuwepo. Palikuwa na mto, mpana, unakwenda kinyume, kutoka baharini kuingia bara. Kaka aliingia hadi kiunoni, kisha kifuani, na nikaona mwili wake ukisukumwa upande. Akasimama. Mtoto wa ami akaanza kulia. Ng'ambo, mbali kuliko ilivyokuwa tulipovuka, mama alikuwa amesimama ukingoni. Alikuwa ameshika kanga mkononi, kichwa wazi. Hakupiga kelele. Baadaye nilielewa kwamba alihofu kelele yake ingemfanya kaka aruke.

"We! Toka humo!" Sauti ilitoka nyuma yetu. Alikuwa mmoja wa wanawake wa mwamba, ndoo kichwani, mguu mmoja wa pweza ukining'inia ukingoni mwa ndoo. Alimshika kaka kwenye kiwiko, akamkalisha juu ya mchanga. Akatukalisha sote. "Kaeni. Maji hayashindwi na mtu, yangojwa." Alitua ndoo, akakaa pia, akinyoosha miguu, kana kwamba hakuwa na nyumbani kwa kwenda. Akapunga mkono. Muda si mrefu mtumbwi ukaja, na kijana ndani yake akisukuma kwa upondo. Tulipandishwa mmoja mmoja. Safari ile ilikuwa fupi kuliko kusoma sura ya Ikhlasi mara tatu, na najua, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nikiisoma.

Mama hakutupiga. Alimfunika mtoto wa ami kwa kanga, akachukua sahani, akajaza kuku na mahamri, akampelekea kijana wa mtumbwi, na nyingine akaituma ivuke kwa yule mwanamke. Kwa mzee wa msikiti alikwenda mwenyewe. Sikusikia walichosema. Njiani mpaka Likoni hakuzungumza, na kwenye feri hakushuka garini.

Wiki sita baadaye ikawa Mtongwe.

Agosti 1997 zikaja ghasia za Likoni, watu wakauawa na wengine wakahama, na feri ikawa jambo la wasiwasi hata kwa wasiokuwa na wasiwasi. Baba alistaafu, akaugua, akafariki bila kurudi Kongo. Septemba 2019 gari liliteleza nyuma ya feri ya Likoni, ndani yake mama na mtoto wake, na karibu wiki mbili nchi nzima ilitazama wapiga mbizi wakilitafuta. Mama alizima televisheni. Hakusema "niliwaambia". Alikwenda chumbani kuswali.

Mimi nilikuwa nimeolewa, nina wanangu wawili, na nilikuwa nimeanza kuyasoma maji. Sikusoma chuoni. Nilianza kwa kuwauliza wavuvi kila nilipokwenda Kisauni kwa shangazi, na niligundua kwamba jambo ambalo yule mzee alilisema kwa maneno manne lina hesabu kamili. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ndipo yawapo maji ya bamvua: hujaa sana na kupwa sana, na tofauti baina ya kujaa na kupwa Mombasa hupita mita tatu. Siku hizo, katika pwani yetu, maji makavu ya mchana huwa yapata saa nne au saa tano, na yaliyojaa huwa alasiri, saa kumi na kitu. Kila siku inayofuata huchelewa kwa kama dakika hamsini. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayaendi mbali wala hayaji kwa nguvu. Kwa hiyo mtu anayejua tarehe ya mwezi, na Mwislamu yeyote hana udhuru wa kutoijua, anajua bahari iko wapi bila ya kuiona. Idi ni mwezi mwandamo. Siku ya pili ya Idi, tuliyokwenda, ilikuwa bamvua, na sisi tulivuka mto yakiwa ndiyo kwanza yaanza kurudi. Kila kitu kilichotupata kilikuwa kimeandikwa juu ya mbingu usiku uliotangulia Idi, tena tulipanda paa kukitafuta, tukakiona, tukapiga takbira, tukateremka.

Ndiyo maana nikiulizwa na wageni wa bara, na hata na majirani zangu wa Changamwe, pwani gani tulivu ya kupeleka watoto, huanza na tarehe kabla ya jina. Halafu huuliza watashukia njia ya nani. Hilo la njia linaniuma. Katiba ya 2010, ibara ya 62, inaihesabu ardhi yote iliyo baina ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Mchanga ni wetu, lakini mtu hashuki juu yake kutoka mbinguni. Lazima apite mahali. Kutoka Nyali mpaka Shanzu nimehesabu kwa miguu vichochoro vya kushukia baharini, na kila kilichobaki wazi kina mtu anayekitumia kila siku: mvuvi, muuza samaki, mganga, kanisa linalobatiza, vijana wa mpira. Kisichopitwa huota majani, kisha huota mti, kisha huota lango. Kongo imebaki kwa sababu watu hawakuacha kuswali. Hakuna mwekezaji aliyeweza kuwaambia waumini wa msikiti mkongwe kuliko hatimiliki yake kwamba njia imefungwa. Hatukuigundua pwani ile. Tulionyeshwa na watu walioishika njia yake, nasi tulitembea juu ya unyayo wao.

Kisha Dongo Kundu ikafunguliwa. Watu wa nje huiona ni barabara ya malori, ya kuunganisha bandari na kusini, kilomita 17 na nusu. Kwetu Changamwe ilikuwa habari nyingine. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuanzia Miritini, akapita juu ya maji ya Mwache na ya Mteza kwa daraja, daraja la Mteza peke yake karibu kilomita moja na nusu, akatokea barabara ya kusini bila ya kugusa feri. Nilimwambia mama. Alisema, "Daraja lina nguzo?" Nikasema lina nguzo. "Zimefika chini?" Nikasema zimefika. Akaendelea kuchambua mchele.

Mwisho wa Desemba 2024, mwezi ukiwa umeandama, nilimwambia tunakwenda kesho yake na kwamba nimeyapigia maji hesabu. Alivaa mwenyewe asubuhi, akakaa mlangoni na mkoba. Juu ya daraja la Mteza mume wangu alipunguza mwendo bila kuambiwa. Chini mikoko ilikuwa mibichi, maji ya kijani yanapita katikati, mvuvi mmoja amesimama ndani ya dau. Mama alitazama upande wake, kisha akainama kutazama upande wetu, kama anayehakikisha kwamba kweli ni maji pande zote mbili.

Likoni hatukuiona. Nilihisi vibaya juu ya hilo, na bado nahisi. Barabara yetu mpya imewaruka wauza mahamri wa kwenye feri, na wauza njugu, na wale wazee wa mikokoteni, wote ambao riziki yao ilikuwa kungoja kwetu. Safari iliyokuwa nusu siku sasa ni muda wa kunywa chai, na mtu hula akiwa amefika.

Kongo palikuwa na watu zaidi. Kuna vijana wa kuwatembeza wageni mtoni kwa mitumbwi, na wageni wenyewe, na simu za kupigia picha. Lakini mibuyu ni ile ile, na wanawake wa mwamba walikuwepo, wameinama. Tuliswali. Mama alikaa kwenye mkeka akimenya embe kwa kisu kidogo, wanangu wakimzunguka kama paka. Binti yangu alikuwa na miaka tisa. Aliutazama mto, ambao ulikuwa kijito, akasema, "Nyanya, naweza kuvuka?"

Nilifungua kinywa, lakini mama alikwisha kujibu. "Ngoja." Kisha akaniambia mimi, bila kuinua macho kutoka kwenye embe, "Najua nyote mwadhani ni Mtongwe."

Sikusema kitu.

"Mtongwe nililia, na walionifia niliwalilia. Lakini feri niliiacha siku ile tuliyorudi kutoka hapa. Nilikaa garini nikatazama maji yale yale ninayoyapenda, nikaona hayanijui. Yalikuwa baina yangu na nyinyi, na mimi sikuyajua hata saa yao. Baba yako alikuwa amelala. Sikumwamsha. Nilifikiri nikimwamsha ataingia." Alikata kipande, akampa mwanangu wa kiume. "Mzee yule nilimwuliza, kwani hukutukataza? Akaniambia, mama, niliwauliza kama mwayajua. Mngesema hapana, ningewafunza."

Miaka thelathini nilikuwa nimelibeba jambo lake kwa jina lisilo lake. Nilitaka kumwuliza kwa nini hakutuambia, nikamtazama mikono, nikaacha.

Alifuta kisu kwenye upindo wa leso, akakitia mkobani. Akanyoosha mkono, nikamsaidia kusimama. Mwanamke mmoja alikuwa akipita kutoka mwambani, ndoo ubavuni, bado maji yakimtiririka miguuni. Umri wake ungeweza kuwa wa mjukuu wa yule wa kwanza.

"Mwanangu," mama akamwita. "Sisi ni wageni. Maji haya hatuyajui. Yarudi saa ngapi?"

Mwanamke yule hakutoa simu. Aligeuka akatazama jiwe moja jeusi lililokuwa mlangoni mwa mto, ambalo mimi nilikuwa nimelipita mara tatu bila kuliona. "Jiwe lile likilowa bega," akasema, "watoto wawe upande huu."

Mama akamtazama binti yangu. "Umelisikia? Nionyeshe ni lipi." Binti akanyoosha kidole. Mama akalikagua jiwe kwa muda, akakunja gauni, akalifunga upande, akavua viatu vyake, akavipanga chini ya mbuyu vikitazama baharini, akamshika mtoto mkono.